Samuel Ajayi Crowther: Mtoto Aliyetekwa Akasoma Ugenini Mpaka Akawa Askofu



Majuma machache yaliyopita mzazi mmoja wa usharika wetu alinisubiri nje baada ya ibada. Aliniambia kwamba amemtoa kijana wake shuleni. Sababu yake ilikuwa moja tu: hapa tunapita, masomo atayaanza vizuri siku tutakayorudi kwetu au siku tutakayopelekwa nchi nyingine. Sikumjibu vya kutosha siku ile, maana watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa imeanza. Nimekaa nikafikiri, na jibu langu nimeamua kulitoa kwa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja. Ni askofu wa Kanisa la Anglikana aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita. Sitasimulia sana habari za uaskofu wake. Nataka tuangalie utoto wake na masomo yake, kwa sababu hapo ndipo penye neno letu.

KIJIJINI OSOGUN

Mtoto huyu alizaliwa karibu na mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya magharibi ya Nigeria. Wazazi wake walimwita Ajayi. Kwa Wayoruba jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa kifudifudi, uso ukiangalia chini. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Mama yake aliitwa Afala. Walikuwa na shamba, kuku na majirani. Hawakuwa matajiri, lakini hawakuwa watu wa kuomba.

Wakati ule ufalme mkubwa wa Oyo ulikuwa unavunjika, na vita vilikuwa vinapita kutoka mji hadi mji. Asubuhi moja ya mwaka 1821, akina mama wakiwa wanatayarisha chakula cha asubuhi, habari zilifika kwamba adui yuko karibu. Lilikuwa jeshi la Wafulani, pamoja na Wayoruba wenzao wa Oyo na watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Osogun ulikuwa umezungukwa na boma la miti lenye malango sita, na watu wa kuyalinda hawakutosha. Kwa muda wa saa chache tu mji ulianguka.

Baba alikimbia nyumbani kuwaonya wakimbie, kisha akarudi kupigana. Hawakumwona tena, baadaye aliuawa vitani. Mama alikimbia na watoto wake, mdogo kabisa akiwa bado ananyonya. Walikamatwa vichakani wakafungwa kamba shingoni. Walipotazama nyuma, nyumba zilikuwa zinawaka moto.

Ndugu msomaji, sina haja ya kueleza zaidi. Wengi wetu tunaijua asubuhi ya namna hiyo, na tunajua uchungu wa kuwaona miongoni mwa waliokuja watu wanaosema lugha moja na sisi.

AKAUZWA MARA KWA MARA

Ajayi alikuwa na umri wa miaka kama 12. Alitenganishwa na mama yake, akabadilishwa na farasi. Baadaye biashara ile ilivunjika, farasi akarudishwa, na mtoto naye akarudishwa. Katika mji mwingine alikutana tena na mama yake na bibi yake, akakaa karibu nao kwa muda wa miezi mitatu. Akaanza kutumaini. Kisha jioni moja akachukuliwa ghafla, bila kupata nafasi ya kuwaaga.

Akauzwa tena, na tena. Mara moja bei yake ilikuwa tumbako na pombe. Alipoelewa kwamba anapelekwa pwani kwa wafanyabiashara Wareno, ambao waliokwenda nao hawakurudi, moyo wake ulikata tamaa kabisa. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba usiku alifikiri kujitoa uhai, lakini hakupata nguvu ya kufanya hivyo. Ninalitaja jambo hili kwa makusudi. Kati yetu wapo waliofika mahali hapo, na wanaona aibu kusema. Huyu aliyekuja kuwa askofu alifika hapo akiwa mtoto, naye hakuficha. Ukiwa katika hali hiyo, usikae nayo peke yako. Njoo tuongee, au mwendee mtu unayemwamini leo hii.

Alifika Lagos. Hakuwahi kuona maji mengi namna ile, akaogopa kuingia mtumbwini mpaka akabebwa kama mzigo. Huko alifungwa mnyororo mmoja na watu wazima. Mkubwa mmoja akigeuka au akivuta kwa hasira, wadogo ndio walioumia shingo. Mwezi Aprili 1822 walipakiwa watu 187 katika meli ya Wareno iliyokuwa inavuka bahari kwenda Brazil.

Meli ile haikufika mbali. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na manowari zake zilikuwa zikizunguka pwani ya Afrika Magharibi kuzikamata meli za watumwa. Mara tu baada ya kung'oa nanga, manowari iliyoitwa Myrmidon, chini ya nahodha Henry Leeke, iliwakamata. Watoto hawakujua kwamba wameokolewa. Walipoona nyama imetundikwa melini walidhani ni nyama ya watu, na mizinga iliyorundikwa mabomu yake ya duara walidhani ni vichwa. Hofu haiondoki siku ile ile unapookolewa. Hili nalo tunalijua.

MAKAZI YA WATU WALIOOKOLEWA

Tarehe 17 Juni 1822 Ajayi alishushwa Freetown, katika koloni la Uingereza la Sierra Leone. Waliookolewa hawakurudishwa kwao. Makwao mengi yalikuwa yamechomwa, na aliyerudi angeweza kutekwa tena njiani. Serikali iliwagawa katika vijiji vilivyotengenezwa kando ya milima, na kanisa likasaidia kuweka shule na walimu kupitia shirika la CMS. Ndilo shirika lililofungua makazi ya watumwa waliookolewa ya Freretown, Mombasa, mwaka 1875.

Fikirini, wapendwa, vijiji vile vilikuwaje. Watu walitoka kila upande wa Afrika Magharibi na hata Kongo, wenye lugha zaidi ya 100. Kila mmoja alikuwa na wafu wake wa kuwalilia. Wengine walikaa wakitazama bahari. Wengine walianza kulima na kufanya biashara.

Ajayi alipelekwa kijiji cha Bathurst. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza ya shule, alipotoka darasani, alikimbia mjini kumtafuta mtu wa kabila lake, akamwomba nusu peni. Hakwenda kununua chakula. Alinunua kadi yake mwenyewe ya herufi, ili asingoje ile ya shule. Baada ya miezi kama sita aliweza kusoma Agano Jipya kwa Kiingereza. Mtoto ambaye hakuwahi kushika kitabu akawekwa kuwasaidia wenzake, akipewa ujira mdogo kila mwezi.

Tena hakujifunza vitabu tu. Hapo Bathurst alijifunza useremala. Walimu wale hawakuona kwamba mkono unaoshika randa haufai kushika kalamu. Vijana wetu wa karakana, msidharau ufundi. Na ninyi wa sekondari, msiwadharau wao.

JINA JIPYA

Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa na mchungaji John Raban. Alichukua jina la Samuel Crowther, ambalo lilikuwa jina la kasisi mmoja wa London aliyekuwa katika kamati ya CMS. Huo ulikuwa mtindo wa wakati ule: mwongofu alipewa jina la Mzungu. Yapo mawazo mengi juu ya jambo hilo, na mimi sisemi kwamba lilikuwa jema lote. Lakini angalieni alichofanya na jina lake la kwanza. Leo, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake, kila mtu anamwita Samuel Ajayi Crowther. Lile jina la Osogun halikuzama baharini.

Mwaka 1826 alisafiri na walimu wake kwenda Uingereza, akasoma miezi michache katika shule ya parokia ya Islington, London. Mwaka 1827 alirudi Sierra Leone. Mwaka huo CMS walifungua chuo cha Fourah Bay ili kuwaandaa Waafrika kuwa walimu na watumishi wa kanisa. Mkuu wake alikuwa Mjerumani, Charles Haensel. Walianza na wanafunzi wachache sana, na Crowther alikuwa mmoja wa wale wa kwanza kabisa. Alisoma Kilatini na Kigiriki, na pamoja na hizo akajifunza Kitemne, lugha ya wenyeji wa nchi ile. Chuo kile kidogo kilikua kikawa chuo kikuu, na mpaka leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sierra Leone.

Alimwoa Susan, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Asano. Naye alikuwa ameokolewa katika meli ya watumwa, naye alikuwa mwalimu. Walifundisha katika shule za vijijini, kisha mwaka 1834 Crowther akarudi Fourah Bay, safari hii akiwa mwalimu pale alipokuwa mwanafunzi.

LUGHA YA MAMA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sitaki lipite bila kuonekana.

Crowther alijua Kiingereza vizuri. Angeweza kuiacha lugha ya mama yake na hakuna mtu angemlaumu. Shuleni ilikuwa lugha isiyo na kitabu. Nayo ilimkumbusha moto wa Osogun. Lakini pale Freetown kulikuwa na Wayoruba wengi waliookolewa, na mchungaji Raban mwenyewe alikuwa akikusanya maneno yao na kuyachapisha. Crowther akaitunza lugha ile, akaichunguza kama fundi anavyochunguza mbao.

Mwaka 1841 Uingereza ilituma meli kupanda mto Niger. Crowther alikwenda pamoja na mmisionari James Schön. Homa iliua Wazungu makumi kadhaa katika safari ile. Schön aliporudi aliwaandikia viongozi wake kwamba kazi ya Injili katika nchi zile lazima ifanywe na Waafrika wenyewe, wanaojua lugha za watu, na kwamba Crowther anastahili kuwekewa mikono. Hivyo mwaka 1842 alirudi Islington, safari hii katika chuo cha CMS. Mwezi Juni 1843 Askofu wa London alimbariki kuwa shemasi, na Oktoba mwaka huo huo kuwa kasisi. Mwaka huo pia kilichapishwa kitabu chake cha maneno na sarufi ya Kiyoruba.

Mapema mwaka 1844, Freetown, aliendesha ibada kwa Kiyoruba. Watu waliokuwa wamezoea kumsikia Mungu kwa lugha ya kigeni walisikia maombi kwa lugha waliyonyonya na maziwa. Baadaye alipoanza kutafsiri Maandiko, hakuridhika na maneno ya Wayoruba wa Freetown tu. Alikaa na wazee, akasikiliza methali zao na namna wanavyosema mbele ya watawala na katika ibada zao za jadi. Aliandika neno likiwa moto, akizingatia hata sauti inavyopanda na kushuka, maana katika Kiyoruba sauti ikibadilika, maana nayo inabadilika. Biblia ya Kiyoruba ilikamilika katika miaka ya 1880, na msingi wake ni kazi hii.

Kumbe ile lugha iliyoonekana haina faida shuleni ndiyo iliyokuwa mtaji wake mkubwa. Kiingereza kilimfungulia mlango wa chuo, na Kiyoruba kikamfungulia mioyo ya watu wake.

MAMA NA MWANA

Mwaka 1845 Crowther alifika Badagry, pwani ya nchi ya kwao, pamoja na wamisionari wengine. Njia ya kwenda bara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, wakangoja mwaka mmoja na nusu. Mwezi Agosti 1846 waliingia Abeokuta. Mji huo ulikuwa umeanzishwa karibu na mwaka 1830 na Waegba waliokimbia vita, wakajificha chini ya mwamba mkubwa uitwao Olumo. Kwa maneno mengine, ulikuwa mji wa wakimbizi.

Tarehe 21 Agosti mwanamke mmoja mzee alikuja kumtafuta. Alikuwa Afala. Alikuwa ametekwa tena baada ya kutenganishwa na mwanawe, akauzwa tena, mpaka binti zake walipomkomboa. Zilikuwa zimepita kama miaka 25. Alikuwa amekata tamaa ya kumwona. Walikumbatiana, wakakaa, wakatazamana bila kusema neno kwa muda mrefu, machozi yakishuka. Kisha mama akaanza kumwita kwa majina ya utotoni ambayo alikuwa ameyasahau.

Naomba mkumbuke kitu kimoja kidogo. Mama yule hakujua Kiingereza wala Kilatini. Kama mwanawe angekuwa ameiacha lugha yake, wangekutana kwa kutazamana tu, na mkalimani akiwa katikati.

Mwaka 1848 Afala alibatizwa. Aliitwa Hana, mama yake Samweli.

MWISHO WA SAFARI

Tarehe 29 Juni 1864, katika Kanisa Kuu la Canterbury, Crowther aliwekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana. Kati ya waliohudhuria walikuwepo watu wawili aliowajua utotoni. Mmoja alikuwa Henry Leeke, nahodha wa manowari ile, sasa akiwa amekuwa amirali. Mwingine alikuwa mjane wa mwalimu Weeks, mama aliyemfundisha herufi pale Bathurst.

Sitaki kuwadanganya kwamba baada ya hapo yote yalikuwa mema. Wapo wamisionari Wazungu waliokataa kuwa chini ya askofu Mwafrika. Uzeeni mwake, karibu na mwaka 1890, walikuja vijana kutoka Uingereza wakawashutumu na kuwaondoa watumishi aliowalea, naye akadharauliwa mbele ya watu. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na nafasi yake akapewa Mzungu. Mwaka 2014, miaka 150 tangu kuwekwa wakfu kwake, Askofu Mkuu wa Canterbury alisimama katika kanisa lile lile akaomba msamaha kwa namna Crowther alivyotendewa. Kanisa linaweza kukosea, na linaweza kuchelewa sana kutubu. Lakini kile alichojifunza, na kile alichokiandika, hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

NENO KWETU

Kwako mzazi uliyenisubiri siku ile ya mvua: Ajayi naye alikuwa anapita. Makazi yale ya Bathurst hayakuwa kwao. Hakujua kama atarudi, wala mama yake kama yuko hai. Kama angengoja mambo yatulie ndipo aanze kusoma, angengoja miaka 24, na siku ya kufika Abeokuta angefika mikono mitupu. Alianza siku ya kwanza, kwa nusu peni ya kuomba. Najua ada ya mtihani ni ngumu, najua kuni na maji vinahitaji mikono ya watoto. Tuongee. Usimtoe mtoto kabla hatujaongea.

Kwenu akina mama na akina bibi: msione aibu kusema na watoto lugha ya nyumbani. Kiswahili kitawasaidia sokoni na kanisani, Kiingereza au Kifaransa kitawasaidia shuleni. Lakini siku mtoto atakapomkuta shangazi yake aliyebaki kule, atamsalimu kwa lugha gani? Wafundisheni methali, majina ya mababu, majina ya mito na vilima.

Kwenu walimu wa shule ya Jumapili mnaofundisha chini ya turubai bila mshahara: yule mama aliyemfundisha Ajayi herufi hakujua anamfundisha nani. Ninyi pia hamjui.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni:
1. Ni kitu gani tumekiahirisha tukisema tutakifanya tutakaporudi?
2. Mtoto wetu anaweza kuomba kwa lugha ya bibi yake?
3. Nani alitufundisha herufi za kwanza, na je, tuliwahi kumshukuru?

Tuwaombee watoto wote wanaofanya mitihani mwaka huu, na wale walioacha shule, ili warudi.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote. Amina.